Kwa nini ghulamu wa turufu anaipiga ree kwenye Belote?

karata_tamu: Habarini wakuu. Nimeanza kujifunza Belote ya Wafaransa, ile ya karata 32, na kuna kitu kinanivuruga. Kwenye rangi za kawaida ree ndo kubwa, sawa, ila rangi ikishakuwa turufu ghulamu anapanda juu ya wote, 9 inamfuata, ree inashushwa mpaka ya tatu. Mnazoeaje nyie bila kuchanganya? Na ni Belote tu iko hivi au Ulaya nzima?

shupaza7: Mkuu huo ukoo ni mmoja na Jass ya Uswisi, kule ghulamu wa turufu anaitwa Puur na 9 inaitwa Nell, pointi zao zilezile 20 na 14. Mimi nakushauri usikariri mpangilio, kariri pointi za turufu: ghulamu 20, 9 ina 14, ree 11, 10 ina 10, mfalme 4, malkia 3, halafu 8 na 7 hazina kitu. Mfano mwenzako kaanza na ree ya turufu, mpinzani kaipiga na 9, wewe unashusha ghulamu, hapo mmeshaokota 45 kwa mpigo mmoja na mchezo mzima una 162. Ila ghulamu angekuwa kwa wapinzani, pointi hizo zingeenda kwao. Ndo maana kutoa ree ya turufu mapema wakati hujui ghulamu na 9 ziko kwa nani ni hatari sana.

mzee_wa_pau: Jaribu Skat ya Wajerumani uone, kule maghulamu wote wanne ni turufu hata rangi iliyochaguliwa iwe nyingine, mkubwa wa pau, wa pili shupaza, kisha kopa, uru wa mwisho. Na utamu uko kwenye kuhesabu, ukiwa na wa pau na wa shupaza ila wa kopa huna, unahesabu 2, unaongeza 1 ya mchezo, unazidisha na thamani ya rangi, pau ni 12 kwa hiyo 36. Hata kuwakosa hao maghulamu wa juu kunahesabiwa vilevile! Kwangu hakuna mchezo uliofikiriwa vizuri kama huo.

karata_tamu: Duh, kuwakosa nako kunahesabiwa? Asanteni sana, hiyo ya pointi imenikaa.

kopa_nyekundu: Msiisahau Ireland jamani, Twenty-five. Turufu kubwa ni 5, anafuata ghulamu, ya tatu ni ree ya kopa, na hiyo ree ni turufu siku zote hata turufu ikiwa shupaza. Tena ukiwa na mojawapo ya hizo tatu na mtu kaanza na turufu ndogo, unaruhusiwa kuificha ukatupa karata nyingine, labda aliyeanza awe ametoa kubwa kuliko yako kati ya hizo hizo tatu. Mwenye 5 halazimishwi na mtu.