Mjadala: Kiti cha bunge la jimbo hapa Minnesota, tumuunge mkono mwanamageuzi au tubaki na aliyepo?

Mleta hoja (mhudumu wa wazee, kaskazini mwa Minneapolis)

Ndugu zangu mnaoishi Minnesota, naileta hoja hii mbele yenu na naomba tuijadili kwa heshima. Mchujo wa vyama hapa hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti. Katika eneo bunge letu, mbunge aliyepo ni wa DFL, yaani Democratic ya hapa, na anayempinga ni mama wa chama hicho hicho aliye mrengo wa kushoto zaidi, ndiye ninayemwita mwanamageuzi. Anataka mishahara ya wahudumu wa wazee ipande, bima ya afya kwa kila mkazi bila kuulizwa karatasi, na kodi za nyumba ziwekewe kikomo. Mimi nimeamua kumuunga mkono. Nitasema kwa nini, na aliye na pingamizi alilete.

Wengi wetu tunamjua rais, tunawajua maseneta wa Washington, lakini ukimuuliza mtu mbunge wake wa jimbo ni nani, ananyamaza. Mimi nilinyamaza hivyo miaka tisa. Kilichonifungua macho ni mwenzangu tuliyepanga naye. Hana karatasi, anafanya zamu ya usiku, na kila jioni alikuwa akiomba lifti. Machi 2023 Gavana Tim Walz alitia saini sheria inayomruhusu kila mkazi kupata leseni ya udereva bila kuulizwa hadhi yake ya uhamiaji, ikaanza kutumika Oktoba mwaka huo. Siku aliposhika ile kadi alikaa kwenye ngazi akalia. Sheria hiyo haikutoka Washington. Ilitoka St. Paul, mji mkuu wa jimbo, mwendo wa nusu saa kutoka mlangoni kwetu.

Kikao hicho hicho cha 2023 kilipitisha chakula cha bure shuleni kwa kila mtoto. Kilipitisha likizo yenye malipo kwa mzazi na mgonjwa, ambayo malipo yake yalipangwa kuanza Januari 2026. Kilirudisha haki ya kupiga kura kwa watu waliotoka gerezani wakiwa bado wanatumikia kifungo cha nje. Na kilianzisha bodi ya viwango vya kazi katika nyumba za wazee, ambamo wafanyakazi, waajiri na serikali wanakaa meza moja. Mimi niliyegeuza wazee vitandani hadi mgongo ukakataa, sikuwahi kuota kwamba kuna meza ambayo mtu wa kazi yangu atawekewa kiti.

Na hayo yote yalipita wakati Seneti ya jimbo ina wajumbe 34 wa DFL dhidi ya 33 wa Republican. Kiti kimoja. Mwaka 2024 huko Shakopee mbunge alishinda kwa kura 14. Jumapili moja kanisani kwetu tunajaa zaidi ya hapo mara kumi.

Mwenye nyumba ya malezi

Dada yangu, pole na zamu za usiku. Mimi nilianzia hapo hapo, nikahudumia wazee miaka 11 kabla ya kupata leseni ya nyumba yangu. Leo ninalea watu wanne wenye ulemavu na nimeajiri sita, wote wa kwetu. Naomba usikie na upande huu.

Tangu Januari 2024 mfanyakazi anajiwekea saa 1 ya likizo ya ugonjwa kwa kila saa 30 anazofanya, hadi saa 48 kwa mwaka. Sipingi, mtu akiugua apumzike. Lakini wale wanne siwezi kuwaacha peke yao usiku. Kwa hiyo namlipa aliyelala kwake na namlipa aliyekuja kumshikia zamu. Halafu yamekuja makato ya likizo ya familia, asilimia 0.88 ya mshahara, mwajiri na mfanyakazi wakigawana. Duka linaweza kupandisha bei ya sukari. Mimi siwezi, kwa sababu ninacholipwa kwa kila mtu ninayemlea kinapangwa na bunge hilo hilo la St. Paul. Mwanamageuzi wako anajua kuongeza matumizi yangu. Kura ya kuongeza malipo ya Medicaid, bima ya serikali inayolipia malezi haya, anayo?

Tena aliyepo amekaa bungeni, anajua nani wa kuonwa. Huyu mpya muhula wake ni miaka 2 tu. Atakapoijua njia, muhula umekwisha.

Dereva wa Minneapolis

Naomba niingilie, maana sisi madereva tumelipitia hili kwa vitendo. Mwaka 2023 Seneta Omar Fateh, ambaye 2020 alimwangusha mchujoni seneta aliyekuwepo wa chama chake, alipeleka mswada wa kima cha chini cha malipo kwa madereva wa Uber na Lyft. Ukapita bunge. Tarehe 25 Mei 2023 gavana akaukataa, na ndiyo ilikuwa kura yake ya turufu ya kwanza tangu aingie madarakani. Gavana wa DFL, mswada wa DFL.

Hatukukaa kimya. Machi 2024 baraza la mji wa Minneapolis likapitisha dola 1.40 kwa maili na senti 51 kwa dakika. Kampuni zikasema zitahama. Mei 2024, saa za mwisho za kikao, bunge la jimbo likapitisha dola 1.28 kwa maili na senti 31 kwa dakika, kuanzia 1 Desemba 2024, na miji ikazuiwa kuweka viwango vyake. Chukueni safari ya maili 10 na dakika 20. Kwa viwango vya mji ni dola 24.20. Kwa viwango vya jimbo ni dola 19.00. Hizo dola 5.20 ndizo zilizobaki mezani.

Sasa mtu akiniuliza kama mwanamageuzi analeta kitu, namjibu kwamba kabla ya hapo sheria ya jimbo haikumwekea dereva hata senti moja ya uhakika. Nampigia kura. Lakini waliofanya sheria irudi 2024 baada ya kukataliwa 2023 ni madereva waliojaa kwenye korido za bunge, wengine wakiwa hawajalala. Tukimchagua huyu mama halafu tukarudi kwenye shughuli zetu, atabaki peke yake kule na atashindwa.

Mkazi wa Cedar-Riverside

Mnazungumza kama vile aliyepo ni adui. Kumbukeni mchujo wa DFL wa 2016. Ilhan Omar, ambaye utotoni aliishi miaka minne kambini karibu na Mombasa, alimshinda Phyllis Kahn aliyekuwa bungeni miaka 44. Kahn hakuwa mhafidhina. Ni yeye aliyeisimamia sheria ya 1975 ya kuzuia sigara maeneo ya umma, mojawapo ya za mwanzo Marekani. Watu walimshukuru, wakachagua mwingine. Inawezekana kumheshimu mtu na bado kumpa nafasi mwenzake.

Mzee wa kanisa

Nimesoma yote. Wanangu, nawapenda, lakini lazima tuseme ukweli. Januari 2023, kabla ya chakula cha shule na kabla ya leseni, wingi huo huo wa kiti kimoja uliandika haki ya kutoa mimba ndani ya sheria ya Minnesota. Ilikuwa mojawapo ya kazi zao za mwanzo. Mimi nimefundisha Biblia tangu nikiwa kijana kule Nyamira. Nitasimama vipi mbele ya vijana nikiwaambia wapige kura upande huo kwa sababu ya sahani ya chakula? Huyo anayeitwa mwanamageuzi ndiye yuko mbele zaidi katika hayo. Na msiniambie kwamba dini ikae nyumbani. Hakuna hata mmoja wetu aliyeiacha nyumbani alipopanda ndege.

Kama ni mtu wetu anayesimama, nitamsikiliza. Novemba 2024 Huldah Momanyi-Hiltsley alipochaguliwa mbunge wa eneo la 38A, mzaliwa wa Kenya wa kwanza kuingia bunge hili, nilifurahi hadi nikapiga simu nyumbani usiku wa manane. Lakini huyu wenu hatumjui.

Mleta hoja

Mzee, shikamoo. Sitakuambia dhamiri yako imekosea, na nikikuambia hivyo utakuwa na haki ya kuacha kunisoma. Nakuomba tu uangalie karatasi ya mchujo. Ina majina mawili. Mbunge aliyepo aliipigia sheria hiyo ya Januari 2023 kura ya ndiyo. Mpinzani wake naye angeipigia. Katika jambo linalokuuma, hawa wawili ni sawa sawa, na kubaki nyumbani Agosti hakubadilishi chochote. Wanapotofautiana ni kwenye mshahara wa binti yako anayefanya zamu mbili mfululizo, na kwenye bima ya afya. Novemba utafanya utakavyoelekezwa na imani yako, na sitakuuliza.

Kuhusu bima, tusisahau kilichotokea 2025. Wakazi wasio na karatasi walikuwa wamefunguliwa MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo, tangu Januari mwaka huo. Uchaguzi wa 2024 ukaleta Baraza la Wawakilishi la jimbo la 67 kwa 67, vyama viwili sawa kwa viti, viongozi wakapatana kuhusu bajeti, na Juni watu wazima wakaondolewa, kuanzia mwisho wa mwaka. Watoto wakabaki. Mwenzangu niliyewasimulia alikuwa amepata dawa za presha kwa miezi kadhaa tu. Leseni anayo bado, dawa anajinunulia. Ndiyo maana nasema si kila DFL ni yule yule. Nataka mtu ambaye jambo hili litamkosesha usingizi siku ya kupatana.

Kaka mwenye nyumba ya malezi, wewe nimekuweka mwisho kwa sababu umenigusa. Swali lako la Medicaid nilimpelekea mgombea mwenyewe, na hakuwa na jibu lililokamilika. Alijua kima cha mshahara kwa senti, lakini malipo ya nyumba ndogo kama yako alikuwa hayajui. Jambo hili linanisumbua na sitalificha ili nishinde mjadala. Amekubali kukutana na wenye nyumba na wafanyakazi katika chumba kimoja. Nadhani tatizo lako na langu ni moja: bunge linaagiza kazi ya utu na linailipia kama kazi ya kufagia. Lakini nataka nilisikie kwako ukiwa mbele yake, na mimi niwepo.

Asiye na uraia

Mimi nina kadi ya kijani, bado miaka 2 niombe uraia. Mjadala huu unanihusu, au ni wa wenye kura tu?

Mleta hoja

Unakuhusu kabisa, mdogo wangu, ila shika mipaka. Usipige kura, na usitie saini fomu yoyote ya kujiandikisha kupiga kura, hata ukiletewa na mtu unayemwamini. Kosa hilo linaweza kukuharibia uraia na kukufukuzisha nchini. Ukiwa na kadi ya kijani, sheria inakuruhusu kuchangia kampeni fedha zako mwenyewe. Na yeyote, mwenye kadi au asiye nayo, anaweza kujitolea bila malipo: kupiga hodi, kupiga simu, kutafsiri. Siku hizi watu wanaogopa kufungua mlango wakisikia sauti ngeni. Wakisikia "hodi" na "habari za hapa", wanafungua. Wewe unaweza kwenda mahali ambapo kampeni yenye fedha nyingi haifiki.

Wenye uraia ambao hawajajiandikisha, Minnesota inakuruhusu kujiandikisha siku ile ile ya kura. Kama huna hati ya makazi, mpiga kura wa kituo chako anaweza kukuthibitisha kwa kiapo, na mmoja anaruhusiwa kuthibitisha hadi watu 8. Majirani wanane wa ghorofa moja wanaweza kwenda na jirani mmoja.

Mwenye nyumba ya malezi

Nitakuja, na hesabu zangu za miezi sita mkononi. Sijasema nitamuunga mkono.

Mzee wa kanisa

Marahaba, binti yangu. Hiyo ya majina mawili kwenye karatasi moja sikuwa nimeifikiria, nipe siku nisali. Mkutano ufanyieni ukumbi wa chini pale kanisani, nitawaomba funguo. Lakini swali la kwanza kwa huyo mama ni langu.