Nimevuka bahari kwenda kuuziwa kahawa ya kopo kwa dola, na sangara badala ya nguru. Hivi Zanzibar mnatuchukuliaje sisi wa ndani?

Wakuu, salaam.

Nimekaa na hili jambo tangu Jumapili usiku, nimejaribu kulimeza limegoma kushuka, kwa hiyo nalileta hapa. Uzi ni mrefu, mvivu wa kusoma apite tu. Mods naomba msiuunganishe na ule wa nauli za boti, boti haijanikosea kitu. Povu ruksa.

Mimi ni mtu wa Muleba, Kagera, maisha yapo Dar, Tabata. (Watani najua mmeshaanza kucheka. Chekeni, nawasubiri.) Mwezi huu mimi na mama watoto tumetimiza miaka kumi ya ndoa. Watoto tukawapeleka kwa shangazi yao, Ijumaa mchana tukapanda boti, baada ya saa mbili hivi tuko bandarini Malindi. Mpango wetu ulikuwa mdogo mno: siku mbili Mji Mkongwe, asubuhi tukae mahali tunywe kahawa tukiangalia bahari, mchana samaki, jioni Forodhani, Jumapili turudi. Hatukutaka Nungwi, hatukutaka Paje, hatukutaka bwawa la kuogelea. Kahawa na samaki. Basi.

Jumamosi asubuhi tukaingia mgahawa mmoja wa ghorofani, jina siweki na msiniulize PM. Ngazi za mbao, mito mizuri, bahari ile pale. Menyu hakuna, unaambiwa uskani kwa simu. Naskani, bei zote dola. Kapuchino dola 5, chai ya viungo dola 4, kipande cha keki dola 6, maji madogo dola 2. Chai ya viungo dola 4, wakuu, kwenye kisiwa cha karafuu!

Nikamwita kijana, nikamuuliza kwa shilingi ni ngapi. Akatoa kikokotoo, akazidisha kwa 3,000. Duka la kubadilishia fedha lipo hatua chache chini ya ngazi zao, nimelipita dakika tano zilizopita, na kwenye ubao wao dola haifiki 2,600. Nikamwambia. Akajibu, "Boss, hiyo ndiyo reti ya hapa." Reti ya hapa! Yaani ukipanda ngazi za mbao umeingia Benki Kuu nyingine.

Tulitakiwa tuondoke pale pale. Ila mama watoto alikuwa ameshakaa, upepo unampiga, anatabasamu. Mwanaume mwenye akili hamwinui mke wake siku ya namna hiyo kwa sababu ya reti.

Kapuchino ikaja. Povu juu, chini maji ya kahawia. Mimi nimelelewa na kahawa. Kwetu mgeni akifika anawekewa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na majani ya kunukia zikakaushwa, kabla hata hajaulizwa habari za safari. Babu yangu alikuwa na shamba la robusta nyuma ya migomba. Ile ladha naijua. Nikanyanyuka kama naenda chooni, mlango wa jikoni ulikuwa wazi, nikaona kwa macho yangu: kopo la kahawa ya unga na kijiko cha chai juu yake, na ile mashine kubwa ya kumeremeta imefunikwa kitambaa. Narudi namuuliza kijana, ananiambia "mashine inasumbua kidogo tangu Jumatano."

Sasa nieleweke vizuri. Sina ugomvi na kahawa ya kopo. Kiwanda kipo Bukoba, nyumbani nainywa kila siku kabla ya kwenda kazini, na ninajua kopo zima linauzwa bei gani dukani. Ugomvi wangu ni kuniandikia kapuchino, kunitoza 15,000, mashine ikiwa imefunikwa shuka kama maiti. Si useme tu "leo ipo ya kopo, kaka, tukuletee?" Ningesema leta, na ningekulipa vizuri.

Risiti: 51,000, halafu na huduma asilimia kumi, jumla 56,100. Huduma ipi? Ya kuniletea kikokotoo?

Na mnakumbuka mwaka 2025 zilitoka kanuni za kukataza bei za bidhaa na huduma kutangazwa na kulipwa kwa fedha za kigeni humu nchini. Nikamtajia kijana, akacheka kama nimemsimulia hadithi ya sungura. Kijana mwenyewe, nawaambia ukweli, hata si wa Unguja. Lafudhi ni ya kanda ya ziwa kabisa. Na dakika zote ananijibu kwa Kiingereza cha kuungaunga wakati mimi naongea naye Kiswahili. Kwa hiyo msije hapa na Uzanzibari na Ubara, sisi wenyewe ndio tunaonana takataka.

Mchana tukaenda kwingine, chini, karibu kabisa na maji. Meza za mbele sita, zote tupu, zote zina kibao cha "imehifadhiwa". Tukapewa meza ya ndani karibu na mlango wa choo. Sawa, watu wameweka nafasi, tukakaa. Haikupita robo saa wakaingia vijana wawili wa Kizungu, kandambili, bukta bado zinachuruzika maji ya bahari. Hawakuwa wameweka nafasi popote, nimewasikia wakiuliza kama kuna meza. Kibao kikaondolewa, wakakaa mbele. Nikamuuliza mhudumu, dada mmoja mpole tu, akainamisha macho: "Kaka, zile ni za wageni." Mimi ni nani, dada yangu? Mwenye nyumba?

Hapo mama watoto ndiye aliyenishika mkono, vinginevyo mngenisoma kwenye habari.

Tukaagiza nguru wa kuchoma na wali wa nazi. 38,000 sahani moja. Tukasubiri saa moja na dakika arobaini. Kinakuja kipande cha mnofu, cheupe, kinene, kimemwagiwa sosi ya njano. Nikakitazama. Nikakigeuza. Nikaonja. Jamani, huyu ni sangara! Nguru anakatwa mapande ya mviringo, mfupa katikati, nyama imekaza. Sangara ana nyama ya kuachana mapande makubwa laini na yale mafuta yake, mtu wa Ziwa Victoria huwezi kumdanganya hata umfunge kitambaa machoni. Nimetoka Dar na boti, nimefika kisiwani, diko la Malindi liko pale pale, mashua zinaingia alfajiri, halafu nalishwa samaki aliyetoka Mwanza ndani ya barafu! Huyo sangara kasafiri zaidi yangu.

Meneja akaja. Hakubisha. Akasema, "Nguru leo hakupatikana, tukaona hiki kinafanana." Kinafanana na nini? Akatupunguzia 5,000 na soda moja ya bure. Moja. Tuko wawili.

Forodhani jioni sitapoteza muda. Bei haziandikwi, kila mshikaki unaambiwa jina la samaki mkubwa, unachagua kwa taa hafifu, vikichomwa mara ya pili ndipo unasikia harufu ya jana. Tuliachana nao tukala urojo uchochoroni, 3,000 kila mmoja, bhajia, kachori, viazi, chatne ya nazi, na ule ukwaju! Na juisi ya miwa ya tangawizi na ndimu. Hapo ndipo pekee nilipoona mama watoto anakula bila kunitazama usoni kwanza.

Najua kuna watu wameshafungua kisanduku cha kujibu waandike "si ungekunywa kahawa barazani, kikombe mia mbili." Nilikwenda. Jumapili asubuhi, mzee na dele lake juu ya mkaa, vikombe vidogo kwenye ndoo ya maji, kashata pembeni. Kahawa chungu, ya moto, ya kweli. Nilikunywa vinne. Mzee wa watu alitukarimu sana, hata mke wangu akaambiwa "mama, karibu ukae." Lakini nani asiyejua baraza la kahawa ni la wanaume? Watu wanabishana siasa, bao linapigwa, mke wangu akaketi ukingoni mkoba mapajani kama anayesubiri daladala, kikombe kimoja, akanikonyeza tuondoke. Hajakatazwa na mtu. Lakini miaka kumi ya ndoa huisherehekei hivyo.

Na hicho ndicho kinachoniuma kuliko hata sangara. Kuna kahawa ya 200 na kuna kahawa ya 15,000. Katikati hakuna kitu! Mahali pa kawaida, kiti chenye mgongo, bahari unaiona, kikombe elfu tatu au nne, bei ukutani kwa shilingi, ukae na mkeo saa nzima bila mtu kukuuliza kama utaongeza kitu. Mimi sikuingia kila mgahawa wa Mji Mkongwe, inawezekana papo nimepakosa. Lakini nimetembea siku mbili toka Shangani mpaka Malindi, viatu vinajua.

Wale wa "kama huna hela kaa kwenu": hela nilikuwa nayo, ndiyo maana imeliwa. Tumetumia wikiendi moja kwenye chakula tu karibu laki tatu, na tulichokipenda chote kwa pamoja hakijafika elfu ishirini.

Sasa naomba wenyeji wa Unguja mnisaidie, bila matusi. Desemba mama yangu mzazi anakuja kutoka Muleba, hajawahi kuiona bahari maisha yake yote, na nimeshamwahidi Zanzibar. Magoti yake mabovu, ghorofani hapandi. Nitajieni mahali pa chini, samaki awe wa pale pale na nimwone kabla hajapikwa, choo kiwe na maji. Kahawa msijali, atakuja na yake ya kutafuna kwenye mkoba.