Ukoo wa Bi Zena, Ngamiani

Ba mdogo Salim: *Imesambazwa mara nyingi.* SARATANI INAKULA SUKARI!! Acha sukari siku 40 itakufa kwa njaa. Watumie uwapendao.

Mwanahawa: Ndo maana tangu Jumatatu uji wa mama hautiwi sukari. Machungwa nimeyaficha.

Shangazi Mwanaidi: Na hanywi. Jana kasukuma kikombe. Nguo zote zinampwaya.

Rama: Shikamooni. Dada, uji utie sukari. Ndo natoka zamu maabara.

Ba mdogo Salim: Marahaba. Kwa hiyo uongo?

Rama: Nusu kweli, ndo ubaya wake. Miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg aliona uvimbe wa saratani unabugia glukosi, yaani sukari ya damuni, na kuichachusha iwe asidi ya laktiki hata oksijeni ikiwepo. (Nobel alipewa 1931, ila kwa kimeng'enya cha upumuaji, si kwa hili.)

Ba mdogo Salim: Hewa ipo, inachachusha ya nini?

Rama: Wewe ulikuwa mkongeni. Glukosi ni jani, vimeng'enya ni mashine zilizopangwa mstari.

Ba mdogo Salim: Korona! Mashine ya kusaga mkonge, si ile ya 2020 😂

Rama: Hiyo hiyo. Mlangoni seli ya saratani inaongeza mashine ya heksokinase 2, majani yanaingia kwa fujo. Mwishoni kuna mashine ya pairuveti kinase. Aina ya misuli, M1, haina mchezo. Saratani nyingi zinatumia M2, ambayo hulegezwa. Ikilegea, majani yanarundikana katikati, yanapitishwa mlango wa uani kutengeneza DNA na mafuta ya seli mpya

Rama: Nguvu inapata kiduchu, ATP (vipakiti vya nguvu vya seli) 2 kwa glukosi moja badala ya 30 hivi. Lakini yenyewe inajenga. Inataka matofali kuliko kuni.

Mwanahawa: Si ndo tuinyime hayo matofali?

Rama: Ini la mama linatengeneza glukosi lenyewe. Mkimnyima chakula, misuli yake inavunjwa ili ipatikane. Uvimbe unakula, anayekonda ni yeye.

Shangazi Mwanaidi: Subhanallah. Nguo hizo.

Ba mdogo Salim: Na kile kipimo walichomtajia Dar, cha kudungwa sukari yenye mionzi?

Rama: PET. Ni glukosi iliyofungwa florini-18. Ikiingia, heksokinase inaibana, haisongi mbele wala haitoki, uvimbe unang'aa kwenye picha. Ulafi wake ndo unaoutaja.

Mwanahawa: Basi na soda nimpe?

Rama: Soda kutwa nzima hapana 😅 Angekuwa na kisukari ningesema mengine. Wali, samaki, maharage, chochote kinachopita koo baada ya ile dozi yake ya dawa. Na Jumatano mwulizeni daktari wake, msinisikilize mimi peke yangu.

Mwanahawa: 📷 Machungwa ya Muheza yametoka kabatini. Kamaliza moja, anauliza nani aliyaficha.

Shangazi Mwanaidi: Mwambie Salim.

*Ba mdogo Salim amefuta ujumbe huu*

Mwanahawa: Ba mdogo, kule kwa wa Pangani ulishautuma?

Ba mdogo Salim: Tangu alfajiri 🙈