Kikundi cha familia, Lubumbashi, Kongo (Kenya ni mtaa wa mji huu, UNILU ni chuo kikuu chake): kazi ya shule ya Mdogo

*Mdogo UNILU:* Jambo yenu bote. Profesa ametupa kazi: redio na magazeti yalisimulia namna gani vikwazo na mazungumzo wakati wa Rais Kabila, 2016 mpaka 2018. Ya vitabuni ninayo. Nataka yale mliyosikia nyumbani.

*Tantine Kenya:* Weye mutoto, ile sanksio, vile vikwazo, njo ilituua na bei ya unga! Franga ilianguka, mufuko ukapanda kila juma. Bazungu balifunga inchi, sisi tukalia.

*Papa Mukubwa:* Dada, nchi haikufungwa. Waliandikwa watu kwenye orodha ya vikwazo. Septemba 2016 Marekani iliweka Jenerali John Numbi na Jenerali Gabriel Amisi. Desemba Ulaya ikaweka saba, Mei 2017 ikaongeza tisa. Mali zao za kule zikazuiwa, viza wakanyimwa. Hakuna mfuko wa unga kwenye ile orodha.

*Kaka Kolwezi:* 😂😂😂 mfuko wa unga

*Tantine Kenya:* Mucheke tu. Basi juu ya nini unga ulipanda?

*Kaka Kolwezi:* Tantine, muulize mtu wa migodi. Bei ya shaba ilishuka tangu 2015, dola zikawa chache. Franga ilikuwa kama 930 kwa dola moja mwanzoni mwa 2016, mwaka uliofuata ikapita 1,500. Na Zambia ilikuwa imezuia mahindi yake kuvuka mpaka wa Kasumbalesa. Ukijumlisha hivyo viwili unapata bei yako.

*Tantine Kenya:* Lakini mu redio balikuwa banasema "vikwazo juu ya Kongo". Na mi pia niko Kongo, hapana?

*Mdogo UNILU:* Tantine hilo naliandika. Habari za zamani nilizosoma kwenye intaneti ni vilevile: kichwa kinataja nchi, majina ya watu yanakuja chini, wakati msomaji ameshaondoka.

*Papa Mukubwa:* Na serikali ilipenda iwe hivyo. Lambert Mende alikuwa waziri wa habari na msemaji wa serikali. Mei 2017 yeye mwenyewe akaingia kwenye orodha ya Ulaya, juu ya mambo aliyofanyia vyombo vya habari. RFI, redio ya Ufaransa, ilikatwa Kinshasa Novemba 2016, ikarudi Agosti 2017. Sasa fikiri: mtu aliyewekewa vikwazo ndiye anayesimama mbele ya maikrofoni kueleza vikwazo. Angesema "mimi nimenyimwa viza"? Alisema uhuru wa taifa umeguswa. Jioni RTNC, redio na televisheni ya serikali, ikarudia.

*Kaka Kolwezi:* Na redio za nje nazo zilikuwa na wimbo wao. Zilisoma majina kama matokeo ya mechi: leo tisa, nani kaingia. Siku mbili, basi.

*Mama Mudogo:* Mi nakumbuka maaskofu tu, na mazungumzo yao. Usiku wa Saint-Sylvestre tulikuwa kanisani, watu wanaulizana mu simu kama wamesaini.

*Papa Mukubwa:* Serikali na wapinzani walisaini mbele ya maaskofu, 31 Desemba 2016. Kabla ya hapo walikaa wiki tatu pale Kinshasa, na redio haikuwa na la kusema. Wamesimama, wameendelea, wamesimama. Mazungumzo hayana picha, Mdogo. Mlango umefungwa, mwandishi yuko nje anahesabu magari.

*Kaka Kolwezi:* Papa, na tuseme ukweli, yalikuwa ya kununua muda. Oktoba mapatano ya Kodjo, msuluhishi wa Umoja wa Afrika, Desemba ya maaskofu. Uchaguzi uwe kabla ya mwisho wa 2017. Uliuona? Machi 2017 maaskofu wenyewe walijitoa.

*Papa Mukubwa:* Sikuuona. Lakini mwisho wa Oktoba 2017 Nikki Haley, balozi wa Marekani kwenye Umoja wa Mataifa, alikuja Kinshasa kuongea na Kabila uso kwa uso. Tarehe 5 Novemba CENI, tume ya uchaguzi, ikatoa kalenda: uchaguzi 23 Desemba 2018. Ukafanyika tarehe 30, ukweli, na Beni na Butembo wakaachwa nje. Lakini kalenda ilitoka baada ya maongezi.

*Kaka Kolwezi:* Alikuja na fimbo nyuma ya mgongo, Papa. Bila ile orodha wangemsikiliza?

*Papa Mukubwa:* Orodha gani, ya Numbi? Julai 2018 Kabila alimfanya mkaguzi mkuu wa jeshi. Amisi akawa naibu mkuu wa majeshi. Agosti akamtoa Ramazani Shadary kuwa mgombea wake, naye alikuwa kwenye orodha ya Ulaya. Kwao ikawa medali.

*Kaka Kolwezi:* Sawa, lakini Kabila mwenyewe hakusimama.

*Papa Mukubwa:* Hakusimama. Ndiyo maana namwambia Mdogo aangalie pia Luanda, serikali ya Angola. Kasai ilipowaka 2017, maelfu kwa maelfu walikimbilia Angola. Wale hawakutaka Kongo iwake mara ya pili. Walisukuma kimyakimya. Redio zetu ziliipa dakika ngapi?

*Tantine Kenya:* _Ujumbe huu umefutwa_

*Mama Mudogo:* Mi nilipigwa na kitu kingine. Konsila, ule ubalozi mudogo wa Babelgiji hapa Lubumbashi, ilifungwa mwanzo wa 2018. Mafaili yangu yalikuwa tayari kwenda Liège kuona mujukuu, safari ikalala. Na Kinshasa ile Nyumba ya Schengen ya kuomba viza za Ulaya balikuwa bamefunga pia. Ilirudi kisha Rais Félix Tshisekedi kuingia.

*Mdogo UNILU:* Subiri. Kwa hiyo vikwazo vya majenerali havikugusa nyumba yetu, lakini kugombana kwa serikali na Ubelgiji kuligusa?

*Mama Mudogo:* Kabisa. Na hakuna mutu wa redio aliyekuja kuuliza.

*Kaka Kolwezi:* Usimuache Gertler, tajiri wa migodi, Mdogo. Marekani ilimwandika Desemba 2017, na 2018 kampuni ya migodi Glencore ikasema itamlipa kwa euro badala ya dola. Huku Kolwezi hiyo tuliisikia kuliko Haley wako.

*Papa Mukubwa:* Hiyo ni kazi nyingine nzima, atazama. Aandike hii kwanza: Desemba 2019 Ulaya ilimtoa Mende kwenye orodha. Nani hapa alisikia?

*Mama Mudogo:* Mi hapana.

*Kaka Kolwezi:* 🙋🏾‍♂️ hapana

*Mdogo UNILU:* Tantine, naweza kuja kesho kukurekodi? Bei ya unga, ulivyosikia mu redio, yote. Hata kama ulikosea juu ya sababu, hicho ndicho profesa anataka.

*Tantine Kenya:* Nilikosea wapi? Redio njo ilikosea. Kuya saa kumi, kisha soko. Na jina langu usitie mule.