Forester, CX-5 au X-Trail kwa milioni 1.9? Naomba ushauri wa wanaoziendesha

Baba_Ruaka

Wadau, hamjambo. Nakaa Ruaka, kazi yangu iko Industrial Area, na kila mwezi lazima nipande Othaya kumwona mama. Kutoka lami hadi kwake ni kilomita sita za murram, na mvua ya Aprili ikishika, ile njia inageuka uji. Fielder yangu imenitumikia miaka saba bila kuniaibisha, ila tumbo lake limekwaruzwa na mawe hadi fundi akiingia chini huguna tu.

Nikiuza Fielder na kuongeza za chama nafika milioni 1.9. Nataka iliyokwisha tumika hapa nchini. Kuagiza siwezi, maana sheria ya miaka minane inanisukuma kwenye gari ya juzijuzi, na ushuru wake nikiuhesabu usingizi unakata.

Nimebaki na tatu, zote za 2014: Subaru Forester (ile SJ), Mazda CX-5 na Nissan X-Trail. Mke wangu anataka CX-5, tena nyekundu. Shemeji ana X-Trail na haachi kuisifu. Mimi roho iko kwa Forester, na nakiri sababu yenyewe ni ya kitoto. Mwaka 1997 baba alinibeba mabegani kando ya barabara ya vumbi, Impreza ya buluu ya Colin McRae ikatupita kama radi, na ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka ule. Sasa nisije nikamwaga akiba yote kwa ajili ya vumbi nililokula nikiwa na miaka mitano.

Wenye magari haya tafadhali, si waliosikia kwa jirani.

Tairi_Kipara

Nunua RAV4 ulale usingizi. Nimemaliza.

Baba_Ruaka

Kaka, RAV4 nilizoonyeshwa kwa pesa hizo zimezeeka kuliko Fielder ninayoiacha.

Mama_Wawili

Mimi nina CX-5 ya petroli, lita 2.0, tangu 2020. Natoka Syokimau kwenda Upper Hill kila siku ya kazi. Usukani wake mtamu, gia zake ni sita za otomatiki ya kawaida, si CVT (ile ya mkanda isiyo na hatua za gia), na ukikanyaga inaitika bila kupiga kelele. Kwenye foleni napata kilomita 10 kwa lita, safari ya Nakuru nafika 14. Bei mpya za mafuta zikitangazwa kila tarehe 14 sishtuki sana.

Ila nikuambie ukweli wa njia ya kwa mama mkwe. Yangu inavuta kwa tairi za mbele peke yake, na nyingi zilizoletwa kutoka Japani ni hivyo hivyo. Desemba moja huko Murang'a ilibidi vijana watano waisukume, mimi niko kwenye usukani na viatu mkononi. Ukiamua CX-5 kwa njia kama yako, tafuta yenye AWD, yaani inayovuta kwa tairi zote nne, na uingie chini uone shafti kwa macho yako. Maandishi ya mlango wa nyuma hubandikwa.

Na dizeli iache kama safari zako nyingi ni za mjini. Ule mfumo wa kuchoma masizi kwenye ekzosi unataka mwendo mrefu wa barabara kuu ndipo ujisafishe. Ukienda Ruaka na kurudi kila siku masizi yanabaki humo humo.

KDC_ya_Buluu

Bwana Baba_Ruaka, mimi nina Forester SJ ya 2014, kwa hiyo nina haki ya kusema.

Nilichoipendea: ukikaa unaona barabara yote. Kioo cha mbele kikubwa, nguzo za pembeni nyembamba, na mtoto wa miaka minne kwenye kiti cha nyuma anaona nje bila kulia. Chini iko juu milimita 220, na tairi nne zinavuta muda wote. Nimepanda nayo Kinangop mwezi wa tano, matope yamefika nusu ya rimu, na nilikuwa nimeshika chupa ya chai kwa mkono mmoja. (Usimwambie mke wangu.)

Mafuta? Inakunywa. Foleni ya Waiyaki Way saa kumi na moja jioni nahesabu kilomita 8 kwa lita, barabara kuu 12, na 13 nikiwa mpole. Anayekuambia 16 amezima injini akateremka Limuru.

Mambo mawili niliyojifunza kwa mfuko wangu. La kwanza, tairi. Nilipasua moja Naivasha nikanunua moja mpya, tatu nikabaki na kuukuu. Baada ya miezi kadhaa nikikata kona kali gari inaruka kama inayokwama. Fundi akaniuliza swali moja tu: "Tairi zinalingana?" Gari inayovuta kwa nne muda wote inataka tairi zenye saizi moja na uchakavu unaokaribiana, la sivyo klachi inayogawa nguvu nyuma na mbele inateswa bila kupumzika. Ubahili wa tairi tatu ulinigharimu zaidi ya tairi nne.

La pili, kioo. Jiwe la lori lilinipasulia kioo karibu na Mai Mahiu. Yangu ina EyeSight, zile kamera mbili karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Kioo kikibadilishwa lazima kamera zipimwe upya. Wa kwanza aliyeniwekea kioo hakulijua hilo, na dashibodi ikawaka taa kama Krismasi. Uliza kabla hujalipa.

Mzee_wa_Leone

Vijana, mnazungumzia Subaru kana kwamba ilizaliwa na Impreza. Nilikuwa na Leone ya kijani miaka ya themanini, niruhusuni kidogo.

Hawa walianza na ndege. Chikuhei Nakajima alianzisha karakana yake Ota, mkoa wa Gunma, mwaka 1917, na hadi vita vya pili vinakwisha walikuwa wakiunda ndege za kivita. Japani iliposhindwa, kampuni ikakatwa vipande na kuzuiwa kuunda ndege. Wahandisi wakabaki na mikono mitupu, wakaunda skuta iitwayo Rabbit mwaka 1946, na za mwanzo walizifunga magurudumu ya mkia wa ndege yaliyobaki stoo. Mwaka 1953 vipande vikaungana tena kuwa Fuji Heavy Industries. Jina hilo lilidumu hadi 2017 ndipo wakajiita Subaru Corporation.

Gari yao ya kwanza iliyopata watu ni Subaru 360 ya 1958, kagari kadogo ka injini ya cc 356, ukikaona utadhani ni kobe. Mwaka 1966 wakaja na Subaru 1000, na hapo ndipo walipoweka injini ya kulala ambayo hawajaiacha hadi leo. Pistoni zinapigana kulia na kushoto kama mabondia, ndiyo maana wakaiita boksa. Injini ikilala, uzito unakaa chini, gari haipepesuki kwenye kona. Leone ya tairi nne ikafuata 1972, wakati ambapo tairi nne zilikuwa za Land Rover na magari ya shamba. Mimi nilikuwa nikibeba maziwa ya ushirika na watoto wa shule kwa gari hiyo hiyo.

Na msimsahau Patrick Njiru. Safari Rally ya 1993 aliendesha Subaru Vivio, gari ya cc 660, mnasikia? Cc 660, barabara zile za wakati ule, na akamaliza na kushinda daraja lake. Colin McRae mwenyewe alikuwa na Vivio nyingine mwaka huo na hakufika mwisho. Halafu mtu ananiambia anataka V8 ya kwenda Kitengela.

Mswahili_South_C

Mzee wangu shikamoo, umenikumbusha jambo. Hilo jina Subaru ni nyota, na nyota zenyewe sisi watu wa pwani tunazijua: ni Kilimia. Babu zetu walikuwa wakizitazama kujua msimu, ndiyo ule usemi, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Tazama ile nembo, nyota sita: moja kubwa na tano ndogo, kwa ajili ya zile kampuni zilizoungana. Kwa hiyo mwenye Forester anaendesha Kilimia. Gari hilo likizimika wakati wa mvua, basi litawaka jua likitoka.

Natania. Mimi nina Vitz.

Mzee_wa_Leone

Marahaba mwanangu. Hiyo ya Kilimia sikuijua, na nimezeeka.

Shemeji_wa_Watu

X-Trail jamani mbona mnaipita? Buti kubwa, ina kitufe cha kuchagua tairi mbili, nne za kujiamulia, au kuzifunga nne kabisa. Yangu iko mwaka wa tano. Siri ni mafuta ya gia ya CVT: nabadilisha kila kilomita 40,000, ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu, si "hii pia inafaa bosi". Aliyeniuzia hakuwahi kuyabadilisha, nilipoyatoa yalikuwa meusi kama kahawa ya Eastleigh. Nilibahatika.

Fundi_wa_Kirinyaga_Road

Nimefungua Subaru tangu 2006, na nyingine nimezifunga mwenyewe vibaya nikajifunza. Niseme ninachokiona.

Ile sifa mbaya ya "Subaru inachemsha" ilitoka hasa kwa injini za EJ, na zaidi ile ya lita 2.5, iliyokuwa ikivuja gasketi ya hedi, ile sehemu inayofunika silinda. Hizo pia zina mkanda wa taimingi, karibu kilomita 100,000 lazima ubadilishwe, na ukikatika valvu zinagonga pistoni. SJ ya lita 2.0 isiyo na tabo ni injini nyingine, FB20, ina cheni. Mtu akikuuzia SJ na kukuambia "mkanda nimebadilisha juzi", mshukuru, panda matatu.

Lakini injini yoyote ya alumini inauawa na kitu kimoja hapa Nairobi: maji ya mfereji. Mtu anaona kulanti imepungua, anaomba chupa ya maji kwa mama wa vibanda, anajaza, anaenda. Mwaka unapita. Redieta inaota kutu ndani, inaziba, sindano ya joto inapanda, yeye anaongeza sauti ya redio. Kwenye boksa kuna hedi mbili, na kuzifikia kwa uhakika mara nyingi unashusha injini nzima, kwa hiyo kosa la chupa moja ya maji linalipwa mara mbili. Hata plagi zimelala ubavuni zikitazama chesisi. Fundi asiyezijua atakuambia zipo sawa kwa sababu hakuweza kuingiza mkono.

Ukienda kutazama Forester, Baba_Ruaka, fanya hivi. Nenda asubuhi mapema, injini iwe baridi kabisa. Gusa boneti kwanza. Fungua kifuniko cha redieta, nasema ikiwa baridi, sitaki kusikia umeungua uso. Kulanti ya Subaru ni ya buluu. Ukikuta rangi ya chai ya rangi, hiyo kutu inakusalimia. Geuza kifuniko cha oili utazame upande wa ndani: utando kama maziwa ya mgando si dalili njema. Halafu washa, weka AC, iache iungurume dakika ishirini huku unatazama ile chupa ya akiba. Mapovu yanayopanda bila kuacha ni moshi wa silinda unaoingia kwenye maji. Kisha angalia tairi zote nne kama alivyosema ndugu wa KDC, maana tairi zinakuambia tabia ya mwenye gari kuliko mdomo wake. Na chomoa kijiti cha oili: FB za mwanzo nyingine hula oili kidogo kidogo, kwa hiyo mwenye gari asiyejua kijiti kiko wapi, ondoka.

CX-5 ya petroli sina ugomvi nayo. Inakuja kwangu kwa breki na bushi tu. Ila kilomita sita za uji kila mwezi, ningekuwa mimi ningechukua Forester iliyotunzwa, na kama sijapata iliyotunzwa ningechukua CX-5 ya AWD. X-Trail ningeichukua yenye risiti za mafuta ya gia.

Tairi_Kipara

Au RAV4.

Mama_Wawili

Wewe nawe. Toyota mwenyewe ana sehemu ya tano ya hisa za Subaru, na ile Toyota 86 unayoipenda injini yake ni boksa ya Subaru. Tulia.

KDC_ya_Buluu

Nyongeza: usichukue nyeusi yenye vioo vya giza. Jirani yangu anayo, na mtaa mzima humsalimia kwa mashaka kama afisa wa upelelezi.

Baba_Ruaka

Wadau, narudi na ripoti. Alhamisi nilienda yadi moja Ngong Road. Forester ya fedha, inang'aa, imepakwa mafuta hadi kwenye tairi. Nikagusa boneti: moto. Kijana akasema wameisogeza tu. Nikamwambia nitarudi Jumamosi saa moja asubuhi, asiiguse. Jumamosi nikafika saa moja kasorobo, nikamkuta akiizima. Sikuuliza chochote, nilinunua mahindi ya kuchoma nikaenda.

Jumapili nikaenda Kikuyu kwa mwalimu mstaafu. Forester ya 2014, rangi ya kijivu, mkwaruzo kwenye mlango wa nyuma ambao alinionyesha yeye kabla sijauona. Boneti baridi kama jiwe. Kulanti ya buluu. Kifuniko cha oili kisafi. Tairi nne za aina moja. Kisha akatoa bahasha ya kaki yenye risiti tangu 2021, zimepangwa kwa mwezi, na nyuma ya kila risiti ameandika kilomita kwa kalamu nyekundu, kama anayesahihisha mtihani. Anataka milioni 1.85. Tumeiacha ikiunguruma dakika ishirini tukinywa chai, na hakuna povu hata moja.

Fundi, Jumatano utakuwepo? Nataka uishike kabla sijalipa.

Fundi_wa_Kirinyaga_Road

Nipo. Ilete ikiwa imepoa.

Baba_Ruaka

Sawa mkubwa. Mke ameziona picha. Ameuliza kupaka rangi nyekundu ni bei gani.