Picha ya Mai: pauni milioni 50 kwa kazi ya kupandishwa ndege kila zamu?

Mleta mada
Wakuu, mwaka 2023 National Portrait Gallery ya London na Getty ya Los Angeles, majumba ya sanaa, walinunua kwa pamoja picha ya Mai, kijana wa kisiwa cha Raiatea huko Pasifiki, karibu na Tahiti, iliyochorwa na Mwingereza Joshua Reynolds mnamo 1776. Bei pauni milioni 50, kila upande milioni 25, na picha inakaa kwa zamu. Mimi napinga. Ingekuwa ya mchoraji mwingine ningenyamaza, lakini Reynolds? Tangu angali hai alijulikana kwa rangi zisizodumu. Mwandishi wa enzi zake, Horace Walpole, alitania kwamba alipwe mwaka kwa mwaka, kwa kadiri picha inavyoendelea kuishi. Wekundu wa mashavu aliutoa kwenye kochinili, rangi ya mdudu, na mwanga unaila polepole. Itazameni picha yake ya Countess of Albemarle pale National Gallery, London, uso umebaki chokaa. Tena alichanganya mafuta na nta na utomvu, akapaka tabaka linalokauka upesi juu ya lile ambalo bado bichi. La chini likisinyaa, la juu linapasuka. Lami ndiyo balaa zaidi, haikauki sawasawa, inajikunja kama ngozi ya mamba. Kitu cha hivyo ndicho cha kuzungusha angani?

Mzani
Mleta mada, ya rangi uko sawa, ila umeruka historia ya umiliki. Picha hii ilikaa Castle Howard, jumba la familia ya kitajiri Uingereza, zaidi ya miaka 200. Mwaka 2001 ikapigwa mnada kwa pauni milioni 10.3, mnunuzi akataka kuitoa nchini. Sheria ya Uingereza wakati ule haikumlazimisha mwenye mali auze. Serikali inachelewesha leseni ya kuitoa nchini ili taasisi ya ndani ipate muda wa kuchangisha, lakini mwenye mali akigoma kuuza, leseni inanyimwa na picha inaishia stoo. Ndivyo ilivyokuwa: Tate, jumba la sanaa la London, walipata milioni 12.5, wakakataliwa. Umma ukaja kuiona Dublin, Ayalandi, kwa leseni ya muda. Leseni ilipozuiwa tena 2022, bei imefika 50. Mifuko ya Uingereza ikachanga: National Heritage Memorial Fund ilitoa milioni 10, Art Fund milioni 2.5, na bado hesabu haikutosha. Bila nusu ya Getty mngekuwa mnabishania picha msiyoiona.

Bitana
Naomba tuache "ndege, ndege" tuongee vipimo. Turubai ni sentimita 236 kwa 145.5. Tumbo la ndege ya abiria linapokea mzigo wenye kimo cha sentimita 160 hivi. Hata uilaze kwa ubavu, ukishaongeza fremu, sponji na kuta za sanduku, umepita. Kwa hiyo ni ndege ya mizigo, sitaha kuu, sanduku limesimama, uso wa picha ukienda sambamba na mwendo wa ndege.

Mtetemo wa angani si adui mkubwa. Hatari iko kwenye lori, uwanjani, na kwenye winchi. Turubai kubwa hupiga kama ngozi ya ngoma. Dawa yake ni ubao wa nyuma uliofungwa vizuri, unaobana hewa turubai isicheze. Sanduku liwe la kuta mbili. Joto likishuka chini ya nyuzi 10, rangi ya mafuta inakuwa kama ganda la yai, kishindo kidogo tu inachanika. Likifika, HALIFUNGULIWI. Saa 24 kwanza, lizoee chumba.

Unyevu ndio wa kuogopa. Picha nyingi za karne ya 18 zilitiwa bitana, yaani kitambaa cha pili nyuma, kwa gundi ya unga. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 80, kitambaa kinaweza kusinyaa, rangi inakosa pa kukaa, inainuka kama hema na kudondoka. Shikilia karibu na asilimia 50, na taa zisizidi luksi 200 (kipimo cha mwanga), na picha inasafiri salama. Kuibadilisha vanishi ndiko kwa kutisha kuliko safari: kwa Reynolds, kiyeyusho kinachotoa vanishi kinaweza kutoa na rangi, maana utomvu umo kote.

Kisiwa
Mnaongea sanduku, mtu mmemsahau. Hata jina "Omai" ni kosa la kusikia: ile "O" ya Kitahiti ni kama "ni". Aliposema "ni Mai", Waingereza wakaandika Omai. Hakuwa mwanamfalme, familia yake ilikimbia Raiatea baada ya uvamizi wa watu wa Bora Bora, naye alikuja Uingereza akitafuta silaha za kurudisha ardhi. Reynolds akamsimamisha peku, mkono mmoja mbele kama sanamu ya Kirumi, akamtundika kilemba. Chale za mikononi hakuzificha, hilo nampa. Nahodha James Cook alimrudisha 1777, akaachwa Huahine, kisiwa jirani. Sasa zamu zimegawanywa London na Los Angeles, na Getty wataionyesha wakati wa Olimpiki ya 2028. Kama inaweza kuvuka Atlantiki, Pasifiki imekatazwa na nani?

Mleta mada
Bitana umenipunguza makali, nakiri. Lakini picha moja kupitia Bradford, Cambridge, Plymouth, kisha Los Angeles, ni kufunga na kufungua mara ngapi?

Bitana
Swali zuri kuliko la mwanzo. Kila kufungua, picha inakaguliwa kwa taa iliyolazwa pembeni, nyufa zinapigwa picha na kulinganishwa na za kituo kilichopita. Ufa ukirefuka, safari inayofuata inaweza kusimamishwa. Na Kisiwa, kwa Tahiti kinachohitajika ni chumba chenye unyevu wa asilimia 50 usiku na mchana na jenereta ya akiba. Kreti ni ileile.