Naomba ushauri: picha ya kugeuka inanichanganyia sura mbili

Habari za jioni wakuu. Naprinti picha hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mteja anataka picha moja ya bibi harusi: ukiitazama huku bado ni mtoto, ukiigeuza kule kavaa shela. Nimenunua plastiki ya mifereji, ile inayobandikwa juu ya picha ili ibadilike ukiigeuza; wameandika mifereji 60 kwa inchi. Nikazikata picha mbili vipande vyembamba kwenye kompyuta, nikavipishanisha, nikaprinti na kubandika, mifereji ikiwa imesimama wima. Kushoto inatoka safi, kulia mtoto ndiye kavaa shela! Nimerudia mara tatu nikisogeza kidogo kidogo, wapi.

Je, niilaze mifereji ili macho yote mawili yaone picha moja? Na nitapimaje idadi yake halisi, maana hiyo 60 siiamini tena? Harusi ni Jumamosi, jamani.